Majina Matatu Kwenye Chupa Moja

Muulize mtu wa Terrat, hapa Arusha, anayetumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI anakunywa dawa gani, atakujibu "ARV", na mazungumzo yataishia hapo. Kwa jirani jibu hilo linatosha, tena pengine limezidi. Kwa daktari wa zamu ya usiku halitoshi, kwa mkunga halitoshi, wala kwa muuzaji wa duka la dawa anayekufungia vidonge vya kiungulia kwenye bahasha. ARV ni ukoo mzima wa dawa. Wewe unakunywa tatu za ukoo huo, zimeunganishwa kuwa kidonge kimoja, na kila moja ina kazi yake, tabia zake na vitu isivyopatana navyo. Kwa maoni yangu mteja wa CTC, yaani kliniki ya tiba na matunzo, anayeyajua majina hayo matatu anajilinda vizuri kuliko mwenye kukariri masharti ishirini, hasa kwa kuwa baadhi ya masharti yanayokaririwa mitaani ni ya dawa ambayo wengi waliacha kuitumia miaka kadhaa iliyopita.

Chukua chupa yako uisogeze kwenye mwanga. Kwa watu wazima wengi wanaotibiwa Tanzania leo, lebo inasomeka Dolutegravir 50 mg, Lamivudine 300 mg, Tenofovir Disoproxil Fumarate 300 mg. Wahudumu wanafupisha kuwa TLD. Majina ya dawa nitayaacha humu kama yanavyosomeka kwenye chupa na pakiti, maana ndivyo utakavyoyatafuta kwa macho. Chini ya majina kuna namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi. Ndani, juu ya vidonge, mara nyingi kuna kikopo au kipakiti kidogo cha kunyonya unyevu. Hicho si dawa, hakiliwi, na hakitupwi mpaka chupa iishe.

Lebo yako ikisomeka tofauti usishtuke. Mtu ambaye figo zake zimechoka huenda akapewa abacavir badala ya tenofovir. Aliye kwenye mstari wa pili wa matibabu atakutana na majina kama atazanavir. Watoto wadogo wana vidonge vyao vya kuyeyushwa kwenye maji, vyenye vipimo vinavyofuata uzito, na kukata cha mtu mzima vipande ili mtoto apate si mbadala wake. Ndiyo maana kuazimana dawa ni kubahatisha, hata kama nyote mnahudhuria kliniki moja siku moja.

Sasa kazi ya kila moja. Kirusi cha UKIMWI hakiwezi kuzaliana chenyewe. Huingia kwenye chembe ya kinga, kikanakili vinasaba vyake, kisha kikaipachika nakala hiyo ndani ya vinasaba vya chembe yenyewe, na kuanzia hapo chembe inakuwa kiwanda cha virusi. Tenofovir na lamivudine zinaharibu hatua ya kunakili. Zinafanana na malighafi inayohitajiwa na kirusi, nacho huzichukua kama fundi aliyeshikishwa tofali bovu, na ukuta unaishia hapo hapo. Dolutegravir inakaa hatua ya pili, inakizuia kimeng'enya kinachopachika. Hakuna hata moja kati ya tatu inayoweza kukitoa kirusi kilichokwisha kujipachika. Ziko chembe zinazolala miaka na miaka zikiwa na kirusi ndani yake, na dawa haizigusi. Ukiacha kidonge, virusi huanza kuongezeka kwenye damu ndani ya wiki chache. Mwili lakini unaweza kukaa miezi, hata miaka, kabla ya kuonyesha ugonjwa.

Pengo hilo kati ya damu na mwili ndilo lililowaponza watu mwaka 2011. Wakazi wa mkoa huu hawahitaji kusimuliwa habari za kijiji cha Samunge, namna mchungaji mstaafu wa Kilutheri Ambilikile Mwasapila, Babu wa Loliondo, alivyogawa kikombe cha dawa ya mzizi kwa shilingi 500, na foleni ya magari ikafika kilomita kadhaa porini. Mti wenyewe, mugariga, haukuwa mgeni kwa Wamaasai; wanauita olamuriaki na wameutumia tangu zamani. Simcheki aliyekwenda, maana hata viongozi wakubwa walipanda magari. Lakini wako waliokunywa kikombe wakaacha ARV, wakarudi nyumbani wakajiona wazima, na uzima huo ukawa ushahidi. Ulikuwa uzima ulioachwa na vidonge vyao wenyewe. Wakati wanashuhudia kanisani, virusi vilikuwa vinapanda kwenye damu bila hata mafua. Kwa hiyo unapojisikia vizuri, usichukue hilo kama kipimo cha kitu chochote. Na kama unakunywa supu ya mizizi kama wengi wetu huku, mwambie mhudumu wako, kwa kuwa tenofovir hutoka mwilini kupitia figo, na mizizi mingine hakuna aliyewahi kupima inazifanya nini figo hizo.

Turudi kwenye masharti ya zamani. Tanzania ilipoanza kugawa ARV bila malipo mwaka 2004 vidonge vilikuwa vingi na vikali. Baadaye kikaja kidonge kimoja cha siku, TLE, chenye tenofovir, lamivudine na efavirenz. Huyo efavirenz alikuwa na ulevi wake: kizunguzungu, ndoto za kutisha, asubuhi kichwa kizito. Ndiyo sababu watu waliambiwa wameze usiku wakati wa kulala, na wasimeze pamoja na chakula chenye mafuta mengi, kwa kuwa mafuta yaliongeza kiasi kinachoingia kwenye damu na ulevi ukazidi. Mwaka 2019 nchi ilianza kuwahamishia watu kwenye TLD. Efavirenz ikaondoka, masharti yakabaki. Mpaka leo yuko mtu anayeacha kidonge chake Jumamosi kwa kuwa amekula nyama choma Kwa Mrombo, na mwingine anajinyima nyama ili ameze kidonge. Wote wawili wanamtii mtu aliyekwisha hama.

TLD inamezwa na chakula au bila chakula, asubuhi au usiku. Nyama, loshoro, ugali na mtindi havina ugomvi nayo. Kinachotakiwa ni saa ile ile kila siku, na saa hiyo unaichagua wewe. Dolutegravir inaweza kumkosesha mtu usingizi. Kama tangu ulipohamishwa unakodoa macho mpaka alfajiri, zungumza na mhudumu uhamishie kidonge asubuhi. Anayefunga Ramadhani anameza wakati wa kufuturu au wakati wa daku, achague mmoja na ashikamane nao.

Sharti ambalo TLD inalo kweli ndilo ambalo wengi hawajawahi kulisikia, nami naliona ni kubwa kuliko yote ya chakula. Dolutegravir ikikutana tumboni na madini fulani hushikana nayo: magnesium, alumini, chuma, kalsiamu, zinki. Ikishashikwa haipenyi vizuri kwenda kwenye damu. Utakuwa umemeza kidonge, umeweka alama kwenye kalenda, hujakosa hata siku moja, na dawa imetoka kwa njia ya choo.

Na madini hayo yako wapi? Yako kaunta ya duka la dawa. Arusha tunaumwa kiungulia na vidonda vya tumbo, na dawa ya kwanza anayoijua kila mtu ni magnesium, vile vidonge vyeupe vya kutafuna. Hebu tazama kinachotokea. Mteja anafika jioni, kuna watu wawili nyuma yake, mmoja anamfahamu. Anasema tumbo linawaka. Muuzaji anahesabu vidonge, anavitia kwenye kibahasha cha karatasi, anaandika juu yake kwa kalamu 1 x 3. Kimoja mara tatu kwa siku: asubuhi, mchana, usiku. Mteja huyo TLD yake anaimeza saa mbili usiku, tabia iliyobaki tangu enzi za efavirenz. Magnesium ya usiku nayo anaimeza baada ya chakula cha usiku. Muuzaji hakukosea kwa alichokijua, mteja hakukosea kwa alichoambiwa, na dawa mbili zinagongana kila siku kwa wiki mbili.

Kanuni yake ni hii. TLD imezwe muda wa saa 2 kabla ya dawa ya kiungulia yenye magnesium au alumini, au saa 6 baada yake. Iwe ya kutafuna au ya maji, ni hiyo hiyo. Ukipiga hesabu utaona kwa nini asubuhi ni rahisi. Anayemeza TLD saa moja asubuhi anaweza kutumia magnesium kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa saba usiku, yaani karibu muda wote ambao tumbo humsumbua mtu. Anayemeza saa mbili usiku hawezi kugusa magnesium tangu saa nane mchana mpaka saa nne usiku, na kiungulia ndipo kinapopenda kuja. Kama tumbo ni tatizo la kila wiki, omba kliniki wakuangalie vizuri. Dawa kama omeprazole hazishikani na dolutegravir, ingawa nazo hazifai kujinunulia mwaka mzima bila kujua tumbo lina nini.

Kwa chuma na kalsiamu kanuni ni laini kidogo. Mama mjamzito akienda kliniki ya wajawazito hupewa FEFO, vidonge vya kuongeza damu, na chuma iliyomo ndani ni adui yule yule. Hapa kuna njia mbili: atenganishe muda kama nilivyosema kwenye magnesium, au avimeze vyote viwili pamoja katikati ya mlo kamili. Chakula kinapunguza kushikana huko kiasi kwamba dawa inaingia inavyotakiwa. Asichotakiwa kufanya ni kuvimeza pamoja tumbo likiwa tupu asubuhi ili avimalize vyote awahi shamba. Vidonge vya vitamini mchanganyiko vyenye madini vinafuata kanuni hiyo hiyo ya FEFO.

Mgongano ule wa dawa za dukani unatokana na usiri. Mtu anamficha muuzaji wa dawa, na ana haki ya kumficha. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda siri yake na inakataza kumbagua. Mtaani lakini sheria ina mkono mfupi, na duka la dawa la jirani ni mahali pa kwanza habari inapovujia. Ndiyo maana kuna watu wa Terrat wanaopanda kifodi mpaka kliniki ya mbali katikati ya mji ili wasionekane na majirani. Basi fanya hivi. Kwenye simu yako hifadhi majina matatu ya dawa zako. Kabla ya kununua kitu kipya, mpigie au mwandikie mhudumu wako wa CTC au mshauri rika wako, umwulize kama kinapatana. Ikishindikana, dukani omba dawa ya tumbo "isiyo na magnesium wala alumini". Hakuna anayehitaji kujua kwa nini. Hospitalini lakini, mbele ya daktari anayetaka kukuandikia dawa, sema jina. Waweza kumwonyesha kadi yako ya CTC bila kutamka neno.

Kuna aina nne za dawa ambazo daktari huyo asiziandike kabla hajajua kwamba umo kwenye TLD.

Ya kwanza ni rifampicin, iliyomo kwenye dozi ya kifua kikuu (TB). Inaliamsha ini lifanye kazi ya kuisaga dolutegravir haraka mno, kiasi kwamba 50 mg za siku hazitoshi tena. Mgonjwa wa TB aliye kwenye TLD huongezewa kidonge kingine cha dolutegravir 50 mg, akimeze saa 12 baada ya kile cha kawaida, na anaendelea nacho wiki 2 baada ya kumaliza dawa za TB, kwa kuwa ini halitulii siku ile ile. Nalisema hili nikiwafikiria hasa wanaoshinda kwenye mashimo ya Mirerani. Vumbi la mgodi na TB ni ndugu, na wengi huishia kutibiwa mbali na walikoandikishwa CTC, pengine hospitali ya Kibong'oto kule Siha, ambako faili lao halipo. Ukianza dawa za TB na hukupewa kidonge cha ziada, uliza siku hiyo hiyo. Dawa za kujikinga na TB ni habari nyingine: isoniazid ya kila siku haigusi dolutegravir, na zile za mara moja kwa wiki kwa wiki 12 hazimhitaji mtu mzima aongezewe.

Ya pili ni metformin ya kisukari. Dolutegravir inaizuia isitoke mwilini kwa kasi yake, ikalundikana. Kwa kawaida isizidi 1000 mg kwa siku. Ya tatu ni dawa za kifafa za zamani, carbamazepine, phenytoin na phenobarbital, ambazo zinafanya kazi kama ya rifampicin. Usiziache ghafla, kifafa kitarudi. Daktari ndiye atakayepanga upya. Ya nne ni diclofenac na jamaa zake wa maumivu. Kidonge kimoja baada ya kuanguka kwenye bodaboda si kitu. Shida ni mtu anayeumwa mgongo anayezila kila siku kwa miezi, kwa kuwa zinazibana figo zile zile zinazopitisha tenofovir. Paracetamol ni salama zaidi kwake.

Tukiwa kwenye figo: ukipimwa kreatinini wiki chache baada ya kuanza TLD ukaambiwa imepanda kidogo, usikimbie. Dolutegravir hubana njia ambayo kreatinini hupitia kutoka mwilini, na figo zenyewe zinakuwa hazijaumia. Ikiendelea kupanda ndipo pana neno.

Madhara mengine niyapitie haraka. Kichefuchefu na kichwa kuuma vya siku za mwanzo huisha. Watu wengi hunenepa. Wengine ni afya inarudi, wengine wanazidi, na hapo mihogo ya kukaanga na soda navyo huchangia. Madaktari wa Uganda wameripoti wagonjwa wachache ambao sukari yao ilipanda sana baada ya kuhamia dolutegravir, kwa hiyo kiu isiyoisha, mkojo wa mara kwa mara na kukonda ghafla vikutoe nyumbani siku hiyo, usisubiri tarehe ya kliniki. Macho kuwa ya njano vilevile. Na mwenye homa ya ini ya B ajue kwamba tenofovir na lamivudine zinamtibu na hiyo pia; akiacha TLD ini linaweza kuwaka kwa namna ya hatari.

Wanawake bado wananiuliza habari ya watoto kuzaliwa na kasoro. Hofu hiyo ilianzia Botswana mwaka 2018, pale takwimu za awali zilipoonyesha ongezeko dogo la watoto wenye kasoro za uti wa mgongo kwa mama waliokuwa kwenye dolutegravir walipopata mimba. Wajawazito wengi zaidi walipofuatiliwa, tofauti ile ilififia mpaka ikaisha, na tangu 2019 Shirika la Afya Duniani linaipendekeza kwa wote, wanawake wa umri wa kuzaa wakiwemo. Dolutegravir pia haiharibu kijiti wala sindano ya uzazi wa mpango. Efavirenz ndiyo iliyokuwa ikikidhoofisha kijiti, na kuna dada kadhaa wa mtaa huu walioshangaa kushika mimba enzi hizo.

Kipimo kitakachokwambia kama yote haya yanafanya kazi ni cha wingi wa virusi. Kinachukuliwa miezi 6 baada ya kuanza dawa, kisha miezi 12, halafu kila mwaka. Kwa wajawazito na wanaonyonyesha ni mara kwa mara zaidi. Usiridhike kuambiwa "majibu yako mazuri". Omba namba, iandike. Chini ya 50 maana yake virusi vimefubaa kiasi cha kutoonekana, na mtu aliye hivyo, anayeendelea kumeza dawa, hamwambukizi mwenzi wake kwa ngono. Hilo lilithibitishwa na utafiti wa PARTNER huko Ulaya, uliowafuatilia wapenzi ambao mmoja ana virusi na mwenzake hana: kati ya waliofubaa hakuna hata mmoja aliyempelekea mwenzake. Kinga hiyo haihusu kisonono wala kaswende. Ikifika 1000 au zaidi utaitwa kwenye vikao vya ufuasi wa dawa kisha urudie kipimo. Watu huviogopa vikao hivyo kama baraza la wazee. Vitumie kutaja magnesium, FEFO, mizizi na dawa za kifafa, maana mshauri asiyeambiwa atadhani unaruka dozi. Katika utafiti wa kitaifa wa 2016 hadi 2017, watu wazima wenye VVU waliofubaa walikuwa takriban asilimia 52. Ule wa 2022 hadi 2023 ukakuta 78.

Ukisahau dozi, meza mara ukumbukapo. Kama zimebaki chini ya saa 4 kufikia dozi inayofuata, iruke hiyo iliyopita. Usimeze mbili kwa pamoja kufidia. Pombe haigombani na TLD kikemia. Inagombana na kumbukumbu. Nasisitiza kwa kuwa nimesikia mara nyingi mtu akisema "leo nimekunywa, sitachanganya". Meza, hata kama mbege imekushika. Afadhali umeze kabla hujatoka nyumbani.

Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, wengi waliingiwa na hofu kwamba dawa zitakatika, na katika hofu mtu huanza kubana: leo kidonge, kesho hapana. Huko ndiko kubaya kuliko kote. Dozi pungufu inakiacha kirusi kizaliane huku kinaonja dawa, na ndivyo kinavyojifunza kuikwepa. Kama unaona dawa zinapungua na tarehe bado, nenda kliniki mapema ukaseme. ARV haiuzwi kwenye kituo cha serikali, na bei yenyewe duniani imeshuka: mwaka 2023 Mfuko wa Dunia ulitangaza kuipata TLD ya mtu mmoja kwa mwaka mzima kwa chini ya dola 45. Anayekuuzia pembeni, usinunue. Arusha tunayo kumbukumbu mbaya ya jambo hili. Kiwanda cha TPI cha hapa mjini kilikuwa kikitengeneza ARV, na mwaka 2012 dawa bandia zenye jina la mojawapo, TT-VIR 30, zikakutwa hospitali ya wilaya ya Tarime. TFDA, ambayo sasa ni TMDA, ikasimamisha uzalishaji. Siku hizi vidonge vyetu vinatoka viwanda kadhaa vya India, kwa hiyo umbo la kidonge au rangi ya chupa kubadilika mwezi huu si lazima iwe dalili mbaya. Soma majina matatu na miligramu zake. Vikilingana, ni dawa ile ile. Visipolingana na hakuna aliyekueleza, rudisha kabla hujafungua.

Chupa ikae mahali pakavu, chini ya nyuzi 30, si juu ya ukuta karibu na bati ambako mchana panawaka, wala kwenye dashibodi ya gari. Wanaoogopa kelele za vidonge kwenye mkoba huvimwaga vyote kwenye mfuko wa nailoni, na baada ya mwezi vinakuwa vimeloa unyevu. Toa vya siku chache tu, vitie kwenye kijikopo kikavu chenye kifuniko kinachobana, vingine viache kwenye chupa yake. Anayehamisha ng'ombe kwenda Simanjiro wakati wa kiangazi, au anayekwenda mgodini, aombe dawa za miezi mitatu au sita kabla ya kuondoka kama kipimo chake kiko sawa, na abebe kadi ya CTC. Akihama kabisa aombe barua ya uhamisho, maana kuanza upya kama mgeni kunamrudisha kwenye historia isiyo yake.

Mwisho kuna ombi ambalo huenda ukaletewa usiku na rafiki aliyepasukiwa na kondomu, au binti aliyebakwa: "nigawie vidonge vyako viwili vitatu". Usigawe. Vidonge vitatu havimkingi, na wewe utapungukiwa. Dawa ya kujikinga baada ya tukio inamezwa siku 28, inaanzwa ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake, kwa hiyo msisubiri kupambazuke. Kabla ya kupewa atapimwa kwanza, na kwa aliyebakwa kuna dawa nyingine na uchunguzi ambao chupa yako haina. Mtafutieni bodaboda aende hospitali ya Mount Meru usiku huo huo, kitengo cha dharura hakifungwi.